Wana wa Nyanda za Juu

Mchezaji, yeyote anaweza kuwa. Ukimaliza kucheza, jina linakuvuka. Mwanamichezo na mwanariadha ni jambo jingine: hapo kuna mwana, kama kwa mwanajeshi na mwanachama, na mwana sharti awe na wa kumlea. Ukifuata soka ya Mbeya na Iringa utaona ulezi huo ndio ulioamua nani adumu.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wa Rungwe, walitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara wakiwa ndiyo kwanza wamepanda daraja. Banyambala kwa Kinyakyusa ni wanaume, na mwaka ule hakuna aliyebisha. Lakini Tukuyu ni mji mdogo wa chai na ndizi, na ubingwa wa pili haukuja.

Tanzania Prisons, Wajelajela, mlezi wao ni Jeshi la Magereza. Ndiyo maana wamekomaa Ligi Kuu miaka mingi bila makeke. Mbeya City nayo ililelewa na halmashauri ya jiji. Msimu wa 2013/14, ikiwa ngeni chini ya kocha Juma Mwambusi, ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, na Uwanja wa Sokoine ukawa haupitiki. Ilishuka 2023, ikarudi 2025.

Iringa, Lipuli waliitwa Wanapaluhengo. Mwana tena. Walipanda 2017, na Juni 2019 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Ilulu, Lindi. Azam waliwafunga 1-0, bao la Obrey Chirwa. Mwaka uliofuata wakashuka.

Kisa kinachoniuma ni cha Ihefu, Mbogo Maji wa Mbarali, nchi ya mpunga. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga walitua Ubaruku, Uwanja wa Highland Estates, wakiwa na mechi 49 za ligi bila kupoteza. Wakatangulia kwa bao la Yannick Bangala. Never Tigere akasawazisha, Lenny Kissu akaongeza la pili, na hesabu ya Yanga ikakomea hapo hapo shambani. Haikupita miaka miwili, timu ikahamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Mbarali wakabaki na mpunga wao.