Moshi katika Chombo cha Maziwa

Tarbaj ni mji mdogo katika Kaunti ya Wajir, kaskazini ya mji wa Wajir wenyewe, kando ya barabara iendayo El Wak na Mandera. Nchi ile ni tambarare, jua lake ni kali, na mvua yake ni haba. Mpita njia huona vibanda, ngamia na vumbi, kisha huenda zake. Habari za upande huo zilizobahatika kuingia vitabuni ni za askari na mipaka: Waingereza walipoweka boma lao Wajir mwaka 1912, Jubaland ilipokabidhiwa kwa Waitalia mwaka 1925, na majeshi yalipopigana El Wak mwezi wa Desemba 1940. Historia nitakayoieleza hapa ni ya jikoni. Haina majemadari, na walioitengeneza hawakuacha majina yao, kwa kuwa wengi wao walikuwa wanawake, na walikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Fikiri, msomaji, juu ya shida iliyowakabili. Ngamia hukamuliwa malishoni, pengine mbali sana na mahali watoto walipo. Joto la mchana hupita digrii 35. Maji hutekwa kisimani kwa jasho, hata kuosha vyombo kwa maji mengi ni anasa. Nyumba nayo si ya kukaa mahali pamoja: malisho yakiisha hubomolewa, fito na mikeka yake hupakiwa mgongoni mwa ngamia, na kila chombo cha jikoni sharti kipakike vilevile bila kuvunjika. Katika hali hiyo maziwa, yaliyo chakula na kinywaji cha nyumba nzima, hayana budi kufika kesho yakiwa mazima. Yakiharibika, mtoto hulala na njaa.

Jibu lao lilikuwa moshi. Chombo cha maziwa, ambacho Wasomali hukiita dhiil, husukwa kwa nyuzi za mimea zilizobanwa hata zisivujishe hata tone. Vingine huchongwa katika mti. Kabla ya kutiwa maziwa, chombo husuguliwa kwa maji kidogo ya moto. Kisha mama huchukua kijinga cha moto cha mti aliouchagua, hukitumbukiza ndani, hufunika, na kukitikisa ili joto na moshi vifike kila pembe. Makaa yakizimika huyatoa, akapangusa majivu, na pengine hurudia tena. Mti hauchaguliwi ovyo. Kuna miti yenye moshi mchungu unaoharibu maziwa, na kuna miti yenye moshi wenye harufu njema, na binti huanza kujifunza tofauti zake angali mdogo, kwa kutumwa kuni na kukaripiwa aletapo zisizofaa. Chuo hiki hakina cheti, lakini mitihani yake ni ya kila siku.

Wataalamu wa maziwa wa siku hizi wameuchunguza ufundi huu, nao hawakuucheka. Joto la kijinga huua vijidudu vingi vilivyojificha katika nyuzi za chombo, na hukausha unyevu ambao vijidudu hivyo huupenda. Moshi wenyewe huacha juu ya kuta za chombo dawa ambazo hupunguza kasi ya kuzaana kwao. Maziwa ya ngamia yakiachwa humo siku moja au mbili hugeuka kuwa suusac, yaani maziwa ya mgando yaliyo mepesi, machachu kiasi, yenye harufu ya moshi. Usitazamie yashikane kama maziwa lala ya ng'ombe, kwa sababu maumbile ya maziwa ya ngamia ni mengine: hayagandi sana, na siagi yake hupatikana kwa taabu kubwa. Uchachu wake ni ulinzi pia, kwa kuwa vijidudu viletavyo maradhi haviupendi.

Hapa yanipasa kusema kweli yote. Moshi huhifadhi maziwa, lakini hauponyi maziwa yaliyotoka kwa mnyama mgonjwa. Homa ya brusela imewatesa wafugaji wengi, nao madaktari husema kuwa dawa ya hiyo ni kuyachemsha maziwa. Wazee wengi hawakubali kwa urahisi, kwani waona kuwa maziwa yaliyochemshwa yamepoteza utamu na nguvu. Katika jambo hili nasimama na madaktari, ingawa ladha ya wazee naielewa.

Nyama nayo ina ufundi wake. Mnyama mkubwa kama ngamia akichinjwa, jamaa hawawezi kumla kwa siku moja. Nyama hukatwa vipande virefu kama kamba, huanikwa juani hata ikauke, hukatwa tena vipande vidogo sana, kisha hukaangwa katika mafuta mpaka maji yote yaishe. Mwisho hutiwa katika chombo na kufunikwa kwa samli au mafuta yake yenyewe. Hiyo ndiyo nyirinyiri, ambayo Wasomali huiita otkac. Hukaa miezi mingi. Siri yake ni mbili tu: maji yametolewa, na mafuta yamezuia hewa isiingie. Anayetaka kuijaribu nyumbani na ajihadhari na mambo haya: asitie kijiko chenye maji katika chombo, wala asiache nyama ikichungulia juu ya mafuta. Kwa Wasomali wa mbali, pande za Hargeisa, nyama ya namna hii hutiwa katika chombo cha arusi kilichofungwa kwa kamba za mafundo magumu, na jamaa za bwana arusi hutakiwa wayafungue mafundo hayo kwa akili.

Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa mpishi mmoja, Nicolas Appert, zawadi ya faranga 12,000 kwa kuvumbua njia ya kuhifadhi chakula ndani ya chupa zilizozibwa na kuchemshwa. Appert hakujua kwa nini njia yake ilifaa. Sababu ilikuja kuelezwa na Louis Pasteur katika miaka ya 1860. Mpishi wa Paris na mama wa malishoni walikuwa hali moja: wote wawili waliijua kazi kabla ya kuijua sababu. Mmoja alipata zawadi na jina.

Wala jiko la Wasomali halikuwa limejitenga na dunia. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani, kilichoandikwa yapata karne ya kwanza, chataja samli, mchele na sukari ya miwa katika bidhaa zilizoletwa kutoka Bara Hindi hadi pwani ya Wasomali. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, mchuzi wa nyama, kuku na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya malimau na pilipili. Hicho kilikuwa chakula cha mji wa pwani. Malishoni maziwa yalibaki mfalme. Vyakula vya duka vilipanda huko polepole, kwa misafara na kwa wachuuzi. Majani ya chai yalipandwa Limuru mwaka 1903, na hatimaye birika la chai ya maziwa yenye sukari na iliki likawa kitu cha kwanza apewacho mgeni katika nyumba za Wajir. Kutoka upande wa Waitalia ilikuja tambi, nayo huitwa baasto hata leo.

Mabadiliko makali zaidi hayakuletwa na mfanyabiashara. Katika vita vya shifta, vya mwaka 1963 hadi 1967, serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa, hasa kuanzia mwaka 1966. Mifugo iliyozuiwa kwenda malishoni ilikufa kwa wingi, na sheria za hali ya hatari ziliendelea katika nchi hiyo hata mwaka 1991. Mama asiye na ngamia wa kukamua hana haja ya kufukiza chombo. Baadaye ukame ulirudi mara kwa mara, na ule wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika nchi kavu za Kenya. Chakula cha msaada kilikuwa nafaka na maharagwe, vitu vinavyotaka kuni nyingi na maji mengi, yaani vile vitu viwili ambavyo nchi hiyo haina. Wapishi walijifunza tena: kuloweka nafaka usiku kucha ili iive upesi, kufunika sufuria isipoteze mvuke, na kuacha chungu juu ya makaa baada ya miali kufa. Juu yake, samli kidogo na sukari, ikiwa ipo.

Siku hizi maziwa ya ngamia yana soko. Husafirishwa kwa magari mpaka Eastleigh, Nairobi, na wengi huyatia katika jerikani za plastiki kwa sababu ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Lakini jerikani ina mdomo mwembamba ambao mkono haupiti, na kijinga cha moto huiyeyusha. Maziwa mengi huchacha vibaya njiani kwa sababu hiyo, na hasara humwangukia mwenye ngamia. Kwa hiyo baadhi ya vyama vya wafugaji na wachuuzi vimeanza kutumia mikebe ya alumini yenye mdomo mpana, ambayo mkono huingia kuisugua. Nayo haiogopi moto. Mama huweza kukichukua kijinga cha mti ule ule aliofundishwa na mama yake, akakitia ndani, akafunika, na kungoja kidogo kabla ya kumimina maziwa.