Mzigo Uliobeba Jiji: Mishahara, Deni na Hatari ya Kufilisika kwa New York, 1975

Neno mshahara limetufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ni mwezi: ni malipo ya kazi yanayorudi kila mwezi. Mufilisi nalo latoka huko huko, na shina lake ni jina la sarafu ndogo ya shaba. Mufilisi ni yule aliyebakiwa na shaba baada ya dhahabu na fedha kumtoka. Kiinua mgongo, lakini, ni neno tulilolifinyanga wenyewe, nalo lina picha ya mtu aliyeinama kazini miaka mingi na ambaye sasa anasaidiwa kusimama wima. Maneno haya matatu hukutana kila jiji linapoishiwa na fedha, na yakutanapo hufuatwa na la nne, nalo ni mzigo: mishahara huitwa mzigo, na wafanyakazi pamoja nayo. Makala haya yanakusudia kutazama maneno hayo yalivyokutana katika jiji la New York, Marekani, mwaka wa 1975, na kuuliza kama hilo la nne lilitumiwa kwa haki.

Kisa chenyewe kilianza mapema zaidi. Mwaka wa 1958 Meya Robert Wagner aliwapa wafanyakazi wa jiji haki ya kujadiliana na mwajiri wao kwa pamoja kupitia vyama vyao. John Lindsay alipoingia madarakani, tarehe 1 Januari 1966, alipokewa na mgomo wa wafanyakazi wa treni na mabasi uliodumu siku 12. Mwezi wa Februari 1968 wazoa taka nao waligoma kwa siku tisa, taka zikarundikana barabarani. Mishahara ilipanda, na malipo ya uzeeni yakapanda pamoja nayo. Haki yadai tuseme kwamba ahadi hizi za uzeeni zilikuwa na gharama kubwa, na kwamba watawala walivutwa nazo kwa sababu rahisi kueleweka: nyongeza ya mshahara hulipwa na meya anayeitia sahihi, lakini kiinua mgongo hulipwa na meya ambaye bado hajachaguliwa.

Hata hivyo mishahara haikuwa chanzo pekee. Viwanda vilikuwa vikihama, na watu wa kipato cha kati wakihamia vitongoji vilivyo nje ya mipaka ya jiji, wakaenda na kodi zao. Kati ya 1970 na 1980 jiji lilipoteza zaidi ya wakazi 800,000. Jimbo la New York, tofauti na majimbo mengi, lililitaka jiji lilipe sehemu ya misaada ya maskini na ya matibabu yao. Pengo lililotokea lilizibwa kwa mikopo ya muda mfupi. Matumizi ya kila siku yaliingizwa katika fungu lililotengwa kwa ujenzi, na mapato ambayo hayangepatikana yakahesabiwa kana kwamba yamo mkononi. Kufikia 1975 mikopo ya muda mfupi ilikuwa imefika kiasi cha dola bilioni 6. Dawa ya deni ni kulipa, wasemavyo wahenga. Jiji hili lilikuwa limepata dawa nyingine, nayo ni kukopa tena. Mabenki yaliyokuwa yakiuza hati zake za mkopo yalipata faida miaka yote hiyo bila kuuliza mengi.

Katika masika ya 1975 mabenki yalikataa kuendelea. Mwezi wa Juni jimbo liliunda shirika maalumu la kulikopea jiji. Meya Abraham Beame, ambaye kabla ya kuchaguliwa alikuwa ndiye mdhibiti wa fedha za jiji, aliachisha kazi maelfu ya watumishi siku moja, miongoni mwao askari polisi 5,000. Wazoa taka waliacha kazi mwanzoni mwa Julai. Mnamo Septemba nauli ya treni ilipanda kutoka senti 35 hadi 50, na bodi ya dharura ikapewa mamlaka juu ya matumizi ya jiji, hata juu ya mapatano ya mishahara yaliyokwisha kufanywa.

Siku ya hatari kubwa ilikuwa tarehe 17 Oktoba. Jiji lilitakiwa kulipa dola milioni 453, nalo hazina yake haikutosha. Tangazo la kukiri kushindwa lilikuwa tayari limeandikwa kwa jina la meya. Kilichobaki ni uamuzi wa hazina ya uzeeni ya walimu, iliyotakiwa kununua hati za shirika lile kwa dola milioni 150. Albert Shanker, kiongozi wa chama cha walimu, alisita kwa saa nyingi kisha akakubali, na jiji likanusurika. Siku 12 baadaye Rais Gerald Ford alitangaza kwamba hatalikopesha jiji. Kesho yake gazeti la Daily News likachapa kichwa cha habari kilichodai kwamba Rais ameliambia jiji life, maneno ambayo Ford hakuyatamka kamwe. Mwishoni mwa Novemba aligeuza msimamo, na Desemba ikapitishwa sheria ya mikopo ya hadi dola bilioni 2.3 kwa mwaka. Lakini kabla ya serikali kuu kufungua mkono, hazina za uzeeni za wafanyakazi zilikuwa zimetakiwa kuahidi dola bilioni 2.5, nazo zikaahidi.

Hapa ndipo neno mzigo linapogeuka. Waliotajwa kuwa wanaliangusha jiji ndio waliolishika lisianguke, tena kwa akiba ya uzee wao. Hatuna budi kukiri kwamba hawakufanya hivyo kwa ukarimu mtupu: lau jiji lingefilisika, mapatano yao yote yangekuwa mikononi mwa hakimu. Walikuwa waajiriwa na wadai kwa wakati mmoja. Na bado walilipa mara ya pili, kwa kuwa kufikia 1978 nafasi za kazi zipatazo 60,000 zilikuwa zimetoweka, na mwaka wa 1976 chuo kikuu cha jiji, ambacho watoto wao walisoma bure, kilianza kutoza karo.

Kwamba hatari waliyoihofia ilikuwa ya kweli kulionekana Detroit. Jiji hilo liliomba kinga ya mufilisi mwezi wa Julai 2013, likiwa na madeni yaliyokadiriwa kuwa dola bilioni 18. Katiba ya jimbo la Michigan inalinda malipo ya uzeeni, lakini hakimu aliamua kwamba kinga hiyo haizuii kupunguzwa kwake chini ya sheria ya shirikisho. Wastaafu wa kawaida wakakatwa asilimia 4.5, na nyongeza yao ya kila mwaka ikaondolewa.

Sisi tunaoishughulikia lugha tunahusika. Nchini Kenya kanuni za mwaka wa 2015 zinasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti; ni mpaka wa busara, na mjadala wake ni wa haki. Lakini halmashauri zilizokoma mwaka wa 2013 ziliziachia kaunti, pamoja na madeni mengine, michango ya uzeeni ambayo haikufikishwa kwenye hazina zake. Walimu wa New York waliombwa mkopo, wakajadili, wakatia sahihi. Mtumishi ambaye mchango wake haukufikishwa amekopwa bila kuulizwa, kisha katika hotuba ya bajeti anahesabiwa upande wa mzigo.

Wahenga wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kiinua mgongo ni ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa, uliocheleweshwa kwa mapatano, na jina lake katika hesabu ni deni. Mwandishi wa habari, mfasiri wa bajeti na mtunga kamusi wana uwezo wa kuliandika hivyo.