Metadata ni ya nani?

Wengi huifasiri metadata kuwa "data kuhusu data". Kwa mkutubi fasiri hiyo inatosha: jina la mwandishi, mwaka wa kuchapishwa, idadi ya kurasa. Ikihamia kwenye simu inapwaya, kwa sababu mwenye simu hamo kabisa.

Metadata ya simu ni namba iliyopiga, iliyopigiwa, saa, muda wa maongezi, na mara nyingi mnara uliotumika. Sauti haimo. Ni kama mtu aliyesoma anwani na muhuri wa posta akaiacha bahasha imefungwa.

Juni 2013, gazeti la The Guardian lilichapisha amri ya siri ya mahakama iliyovujishwa na Edward Snowden. Iliitaka kampuni ya Verizon kuikabidhi NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, kumbukumbu za simu za wateja wake kila siku, washukiwa na wasio washukiwa. Rais Obama akawatuliza raia kwamba hakuna anayesikiliza simu zao. Kwa mpango ule, alikuwa sahihi. Lakini mtu akipigia kliniki ya saratani asubuhi, kisha akaongea na mama yake saa nzima, kisha akamtafuta wakili wa mirathi, ya kusikiliza yamebaki yapi? Maneno humchosha mpelelezi. Yana mafumbo, utani na lahaja. Namba na saa hupangwa na kompyuta kwa mamilioni. Michael Hayden, aliyewahi kuiongoza NSA na CIA, alikiri hadharani mwaka 2014 kwamba Marekani huua watu kwa kutegemea metadata.

Kwa Kiswahili, kuna wanaoiita metadata ya simu "rekodi za simu". Silipendi jina hilo, maana msikilizaji hudhani sauti imenaswa, na akiambiwa haikunaswa hupumua. Mimi nachagua "taarifa za mawasiliano". Maneno hayo yana uzito wa kisheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inalinda faragha ya mawasiliano ya mtu. Ukiziita taarifa, swali la kwanza huwa: za nani, na nani kamruhusu aliyezichukua?

Marekani swali hilo lilijibiwa nusu. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York iliamua kwamba sheria iliyotegemewa haikuruhusu ukusanyaji ule, na Bunge likapitisha sheria mpya: kumbukumbu zibaki kwa kampuni za simu, serikali ikizitaka iombe kwa kigezo mahususi. Kampuni zenyewe ziliendelea kuzihifadhi.