Mvumo wa Pantoni Kigongo

Kijiji kikilala, kelele nyembamba huishia nje: redio ya jirani, mbwa, kengele ya baiskeli. Ukuta wa tofali huzipunguza. Mvumo mzito wa injini ya dizeli haujui ukuta. Hupenya hadi kitandani, na sikio haliwezi kusema unatoka upande gani. Kioo kilicholegea dirishani huanza kutetemeka. Kiguse kwa kidole, kitatulia, lakini mvumo utabaki.

Karibu na ziwa sauti hiyo hufika mbali zaidi, kwa kuwa juu ya maji hakuna kilima wala miti ya kuikatiza. Hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, sauti hupinda na kurudi chini badala ya kupaa.

Kigongo, wilayani Misungwi, mvumo ulikuwa na wenyewe. Kwa miongo mingi pantoni zilikata Ghuba ya Mwanza kwenda Busisi, upande wa Sengerema. Miaka ya mwisho zilikuwa MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema. Barabara hiyo huenda Geita na kuendelea hadi Rwanda na Burundi, hivyo foleni ilijaa malori ya masafa marefu. Aliyekuwa na mgonjwa kwenye gari hakuwa na njia nyingine ya karibu. Alitega sikio. Mvumo ukikua, pantoni inakuja. Ukififia, imekwenda, na kungoja kunaanza upya.

Kwingine mvumo ulikuwa mateso: wakazi wa Windsor, Canada, walisumbuliwa nao majumbani kwa miaka. Wengi walishuku tanuri za chuma za Zug Island, ng'ambo ya mto, Marekani. Tanuri zilipozimwa mwaka 2020, kukawa kimya.

Mwaka huohuo, Februari, ujenzi wa daraja la Kigongo–Busisi ulianza. Rais John Magufuli, aliyeweka jiwe la msingi Desemba 2019, alifariki Machi 2021 kabla halijakamilika. Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua tarehe 19 Juni 2025: kilomita 3 ambazo gari huzimaliza kwa dakika chache.

Picha za pantoni zipo tele. Mvumo wake umebaki kwa mabaharia, utingo na mama lishe wa gatini, na hao ndio wa kuulizwa sasa, wakiwa hai: injini ya chombo kipi ilivuma vipi, na usiku waliitambuaje kabla taa hazijaonekana.