Mtu na Mizani

Kila nchi ina mahali pake pa kuchagulia watu. Kwetu Dodoma, kwa miaka mingi mahali hapo palikuwa Chimwaga. Ni katika ukumbi wa Chimwaga, Julai 1995, ambamo Chama cha Mapinduzi kilimteua Benjamin Mkapa kuwa mgombea wake wa urais. Katika duru ya kwanza ya kura aliyeongoza alikuwa Jakaya Kikwete. Katika duru ya pili Mkapa akampita. Miaka kumi baadaye, 2005, chama kilikutana tena Chimwaga, na safari hii kikamteua Kikwete. Leo ukumbi umo ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007.

Sikusudii kuandika siasa. Nimeanzia Chimwaga kwa sababu historia ya ukumbi huo inatufundisha jambo moja rahisi: anayemchagua mtu anabashiri kesho ya mtu huyo, na kesho haijafika. Ndiyo maana binadamu, tangu zamani, ametafuta kitu cha kumsaidia kubashiri. Wapo waliotafuta kwa waganga, wapo waliotafuta kwa kura, na wapo waliotafuta kwa utepe wa kupimia, mizani na saa. Hao wa mwisho ndio ninaotaka tuwatazame, kwa kuwa nimekuwa mwalimu wa michezo kwa miaka mingi na utepe nimeushika kwa mikono yangu.

Sijaona mahali ambapo imani ya utepe imefika mbali kama Marekani, katika ule mpira wao wa miguu ambao zaidi huchezwa kwa mikono. Timu inaposhambulia, watu watano wakubwa husimama mstari mmoja mbele ya yule anayerusha mpira, ambaye wao humwita kwotabeki. Kazi yao ni kuwazuia maadui wasimfikie, au kufungua njia ili mwenzao apite na mpira. Kwa kawaida hawafungi, hawarushi, na wengi wao humaliza msimu mzima hawajaugusa mpira, isipokuwa yule wa katikati anayeuanzisha. Kwa sababu hiyo ni vigumu kuwahesabia. Mfungaji ana mabao yake, lakini mtu wa mstari wa mbele akifanya kazi yake vizuri huonekana kana kwamba hakuna lililotokea.

Pasipo na hesabu ya kazi, watu huikimbilia hesabu ya mwili. Kila mwaka, kabla ya timu kugawana vijana wanaotoka vyuoni, vijana hao hukusanywa kwenye kambi ya vipimo, ambayo tangu 1987 imekuwa ikifanyika katika mji wa Indianapolis. Hupimwa urefu, uzito, mkono na kiganja. Hukimbia yadi 40, yaani kama mita 36 na nusu, huku saa ikihesabu hata sehemu ya mia ya sekunde. Hulala chali wakainua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Huruka juu, huruka mbele, hukimbia wakigeuka kushoto na kulia. Kisha timu huchagua kwa zamu, na tofauti kati ya kuitwa wa pili na kuitwa wa mia ni tofauti ya mamilioni ya dola.

Mwaka 1989 kijana mmoja wa mstari huo, Tony Mandarich, aliwashangaza wapimaji. Alikuwa mkubwa kuliko wengi na mwepesi kuliko wakubwa wenzake. Timu ya Green Bay ikamchagua wa pili katika nchi nzima. Walioitwa mara baada yake, wa tatu, wa nne na wa tano, walikuwa Barry Sanders, Derrick Thomas na Deion Sanders, na wote watatu leo wamo katika jumba la heshima la mchezo huo. Mandarich aliachwa na timu yake baada ya miaka michache. Mwaka 2008 alikiri hadharani kwamba alikuwa ametumia dawa za kujenga misuli. Basi utepe ulikuwa umepima kitu cha kweli, misuli ilikuwapo, lakini haukuuliza imetoka wapi wala itadumu mpaka lini.

Upande wa pili yuko Orlando Brown mdogo, ambaye baba yake pia alicheza mstari huo huo. Katika vipimo vya 2018 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.85 na kuinua chuma mara 14 tu. Kwa mtu wa umbo lake hayo yalikuwa maajabu ya aibu. Aliyetarajiwa kuitwa mapema akaitwa wa 83. Hata hivyo alichaguliwa mara nne katika mchezo wa nyota wa ligi, na Februari 2023 alikuwamo katika kikosi cha Kansas City kilichotwaa ubingwa. Yupo pia Jason Kelce, aliyeitwa wa 191 mwaka 2011 kwa kuwa kilo zake zilionekana pungufu. Akawa mmoja wa wachezaji bora kabisa wa kati kwa miaka 13.

Hapo msomaji anaweza kusema: basi vipimo vitupwe. Mimi sisemi hivyo. Kelce alipungukiwa kilo, lakini saa ile ile ilionyesha kwamba miguu yake ilikuwa miepesi mno kwa mtu wa nafasi yake. Kipimo kimoja kilimkataa na kingine kilimkubali. Wachaguaji waliusikiliza zaidi wa kwanza. Tena, mtu wa mstari wa mbele hakimbii yadi 40 katika kazi yake. Hukimbia hatua tatu, nne, kisha hugongana. Kwa hiyo wapimaji wenye busara siku hizi hutazama sana yadi 10 za mwanzo, kwa maana hizo ndizo atakazozitumia. Kosa halimo katika kupima. Limo katika kupima kilicho rahisi kupimika, kisha kukiita jina la kile tunachokitafuta.

Kosa hilo si la Wamarekani peke yao. Nyanda hizi zetu zinalijua vizuri. Njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na pagazi wa misafara hiyo alithaminiwa kwa mzigo: frasila mbili, kama kilo 32, kichwani au begani. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi ya wazungu yalichukua watu kwa maelfu kubeba mizigo, na jina la Kariakoo limebaki Dar es Salaam kama ukumbusho wa kikosi hicho cha wachukuzi. Waliochukuliwa walikuwa wenye nguvu, na waliobaki wakalima kwa mikono pungufu. Majeshi yalichukua pia nafaka na ng'ombe, mvua nayo ikakosekana, na Ugogo ikaingia katika njaa kali ambayo wazee waliiita Mtunya. Mizani ya jeshi ilijua mtu gani anaweza kubeba. Haikujua mtu huyo alikuwa amebeba nini nyumbani kwake.

Babu yangu mzaa mama aliingia KAR katika vita vya pili. Alitusimulia kwamba walipangwa mstari wakapimwa urefu, uzito na kifua, na mdogo wake akarudishwa kwa kuwa alikuwa mwembamba. Babu alirudi na kofia na hadithi za Burma. Huyo mwembamba ndiye aliyewalisha watoto wa nyumba mbili katika miaka ya ukame, akitembea siku kadhaa kutafuta mtama. Babu mwenyewe ndiye aliyekuwa akilisema hilo, tena mbele ya mdogo wake.

Mwaka 1946 Waingereza walituma watu kuchunguza ardhi kwa ajili ya kilimo cha karanga. Uchunguzi ulichukua wiki tisa, na sehemu yake ulifanyika kwa ndege. Hesabu ikatoka: ekari 3,210,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na kazi ianzie Kongwa, hapa hapa mkoani kwetu. Ekari ni rahisi kuhesabu ukiwa angani. Lakini karanga huingiza tunda lake chini ya udongo, na udongo wa Kongwa jua likiupiga hukauka ukawa kama saruji. Mchanga wake ulikula majembe ya matrekta, na mvua ilikuja ilipotaka. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na serikali ya Uingereza ikafuta pauni milioni 36. Wagogo waliokuwa wakichunga mahali pale waliujua udongo ule bila ndege.

Sasa nije kwa kijana wetu. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza mpira wa kikapu akiwa na umri wa kama miaka 15, na urefu wake, uliokuja kuandikwa kuwa mita 2.21, ukampeleka Marekani hadi Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko hakuwa mrefu tu. Alizuia mipira ya wapinzani zaidi ya mara nne kwa mchezo, na mara mbili alitajwa mlinzi bora wa ligi yake ya vyuo. Mwaka 2009 timu ya Memphis ilimwita wa pili katika uteuzi wa NBA. Wa tatu aliitwa James Harden, na wa saba Stephen Curry. Hao wawili baadaye walitajwa wachezaji bora wa ligi nzima. Thabeet alicheza michezo 224 ya NBA, kwa wastani wa pointi 2.2, na baada ya 2014 hakucheza tena katika ligi hiyo.

Nimewasikia watu wakilitaja jina lake kwa kejeli, na sijapenda. Yeye hakujiita wa pili, aliitwa. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko, tena kwa miaka michache tu ya kujifunza, wakati wenzake walikuwa wameushika mpira tangu utotoni. Utepe uliona urefu wake wote mara moja. Miaka aliyokosa ya kujifunza haikuandikwa popote, kwa kuwa hakuna utepe wa kupimia miaka hiyo. Aliyebashiri vibaya ni mwenye utepe, lakini mzigo wa kubashiri vibaya ukawekwa juu ya mabega ya kijana.

Hapo ndipo jambo hili linaponigusa mimi mwalimu. Nimeona katika mashindano ya shule watoto wa miaka 13 wakisimamishwa ukutani, warefu wakapelekwa huku na wafupi wakarudishwa darasani, na kazi nzima imekwisha kabla ya chai. Niliona mtoto mmoja, hodari wa kusoma mchezo kuliko wote, akirudishwa hivyo na timu moja ya vijana, wala hakujaribu tena mwaka uliofuata. Tuliyempoteza hatumjui, na kwa hiyo hatumlilii.

Mnadani kwetu siku hizi ng'ombe hupandishwa mizani. Siku moja nilimwuliza mzee mmoja mnunuzi kwa nini bado anamtembeza ng'ombe baada ya kumpima. Akanijibu, "Mwalimu, mizani inaniambia nyama. Mimi nataka wa kukokota jembe."

Na wazee wa hapa husimulia kwamba jina la Dodoma lilitokana na Idodomya, yaani mahali palipozama, kwa kuwa tembo aliyekuja kunywa maji alididimia katika tope. Hakuna aliyekosa kuona ukubwa wa tembo. Ambacho hakikupimwa ni tope. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye utepe ni mfupi: apime, aandike, kisha amtazame mtoto akifanya kazi yenyewe, amuulize amejifunza kwa muda gani na kwa nani, na mwaka ujao amwite tena yule aliyemrudisha. Chimwaga ilimrudisha mtu 1995 ikamwita 2005. Mtoto wa miaka 13 anastahili angalau nafasi ya pili kama hiyo.