Chupa ya supu iliyomponyoka profesa

Mfanyakazi anayeingia ofisini Posta au Upanga jijini Dar es Salaam na supu aliyoichemsha nyumbani alfajiri, akaifungua saa saba mchana ikiwa bado inafuka mvuke, huenda hajui kwamba chombo alichoibebea hakikubuniwa kwa ajili ya kitu cha moto. Kilibuniwa kuhifadhi baridi, tena baridi ambayo hakuna jokofu la nyumbani linaloikaribia. Thermos, kampuni iliyokifanya kuwa bidhaa ya dukani, ilitimiza miaka 120 mwaka 2024. Katika historia yake yenyewe, kampuni hiyo husimulia sana wavumbuzi wa safari za ncha za dunia waliobeba chupa zake. Aliyeibuni chupa hupata mstari mmoja.

Huyo ni Sir James Dewar, Mskoti aliyezaliwa Kincardine mwaka 1842, mkemia wa Cambridge na wa Royal Institution ya London. Kazi iliyompa jina ni kugeuza gesi kuwa kimiminika. Oksijeni ikishakuwa kimiminika huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, kwa hiyo ukiiweka kwenye bilauri ya kawaida mezani inatokota kama maji jikoni, na punde imekwisha. Mwaka 1892 Dewar alitengeneza chupa ndani ya chupa, akafyonza hewa yote iliyokuwa katikati. Palipo na ombwe joto halina cha kulibeba. Lile dogo linalovuka kwa mnururisho, kama joto la jua linavyotufikia, hurudishwa na utando wa fedha unaong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ukuta unaolizuia joto lisiingie hulizuia pia lisitoke, kwa hiyo oksijeni na supu ya kongoro hulindwa kwa kanuni ileile.

Hapo ndipo profesa alipoteleza. Hakuiandikishia hataza.

Wapo wanaomsifu kwamba aliitoa bure kwa ajili ya sayansi. Mimi siamini. Dewar alikuwa mtu wa ugomvi aliyezijua hataza vizuri kuliko wanasayansi wengi wa enzi zake. Mwaka 1889 yeye na Frederick Abel walibuni kordaiti, baruti isiyotoa moshi, na wakaiandikishia hataza. Kampuni ya Alfred Nobel ililalamika kwamba ubunifu huo ni wake, shauri likapanda hadi ngazi ya juu kabisa ya mahakama za Uingereza, na mwaka 1895 upande wa Nobel ukashindwa kwa sababu ya namna hataza yake ilivyoandikwa. Mtu aliyekwisha kuiandikishia baruti yake hataza miaka mitatu kabla ya kubuni chupa, angewezaje kuisahau karatasi ya chupa yake? Maelezo ninayoyaona ya kweli ni kwamba hakuwa na jicho la jikoni. Aliona chombo cha maabara, basi.

Jicho hilo alikuwa nalo Reinhold Burger, fundi vioo wa Berlin. Aliivika chupa ganda la chuma, akaweka vishikizo ili kioo cha ndani kisivunjike kwa mtikisiko, na mwaka 1903 akajipatia hataza Ujerumani. Mwaka uliofuata Thermos ikaanzishwa. Dewar alipotanabahi alikwenda mahakamani, akashindwa: asiye na hataza hana cha kudai. Mtu aliyeitoa mali yake bure haendi kuidai kwa jaji. Alifariki Machi 27, 1923, akiwa amependekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Nobel bila kuipata.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1907 haki za jina la Thermos ziliuzwa kwa kampuni za Marekani, Uingereza na Canada. Mwaka 1913 Mmarekani William Stanley alibuni ya chuma kitupu. Wafanyakazi wa viwandani wa Marekani wakawa na makopo ya chakula yenye kifuniko cha mviringo, humo ndani chupa ikilala juu ya mkate. Mwaka 1978 Wajapani walileta ya chuma kisichoshika kutu, na mwaka 1989 wakainunua Thermos yenyewe.

Kwetu chupa iliingia kupitia chai. Ile yenye maua ubavuni ni zawadi ya harusi, hukaa kabatini na vikombe vya wageni, na mtoto akiigusa anapigiwa kelele. Ila kuna siku inatoka kwa kazi nyingine: mgonjwa akilazwa hupelekewa supu humo, na mama aliyejifungua huletewa uji au mtori wa moto. Kwa hiyo kubeba supu tunakujua tangu zamani. Ajabu ni kwamba mpaka mtu augue au ajifungue ndipo anaonekana anastahili. Akiwa mzima, saa saba anasimama foleni ya chipsi mayai, kisha mchana kutwa anasinzia juu ya kompyuta. (Mama lishe simgusi, wali maharage na mchicha wake una heshima yake.)

Kwa anayetaka kuanza, chagua chupa ya mdomo mpana, maana ile ya chai haipitishi nyama wala viazi. Kwanza ijaze maji yanayochemka, uiache dakika tano, uyamwage, kisha mimina supu iliyochemka kwelikweli mpaka karibu na mdomo. Ya dengu, ya maboga, ya kuku au ndizi na nyama, zote zinafaa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 hadi kiliwe, kwa hiyo chupa iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa na kupoa kabla ya saa sita haifai kwa kazi hii. Ijaribu siku ya Jumapili ukiwa nyumbani, kabla ya kuiamini Jumatatu.