Ujira wa Kalamu katika Nchi ya Waingereza

Wenzetu wengi huuliza: mtu ajuaye kuandika, asiyeajiriwa na gazeti lo lote, atabisha mlango upi, na ni nani atakayemlipa? Swali hili si geni. Waandishi wa Kiingereza walijiuliza hivyo zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, nasi twaona yafaa kueleza jinsi walivyopata jibu.

Hapo kale mwandishi alimtegemea mkubwa mmoja. Alitunga kitabu, akajaza sifa za bwana huyo katika kurasa za mwanzo, kisha akangojea mkono wake ufunguke. Usipofunguka, alilala na njaa. Wauza vitabu nao walinunua maandiko, lakini kwa bei ya chini; hata mtaa wa London ulioitwa Grub Street, walimokaa waandishi wa ujira, ukawa mfano wa ufukara.

Katika Januari 1731 Edward Cave, mwana wa mshona viatu, ambaye alipata kufanya kazi ya posta, alianzisha gazeti la kila mwezi liitwalo The Gentleman's Magazine, akilipiga chapa katika lango la kale la St John's Gate. Neno hilo la mwisho katika jina lake asili yake ni Kiarabu, makhazin, yaani maghala. Na neno letu hazina latoka katika shina lilo hilo. Jina lilifaa, kwani kwanza Cave alikusanya tu makala zilizokwisha kutoka katika magazeti mengine. Lakini ghala la namna hii lataka kujazwa kila mwezi, tena washindani walikuwa wamekwisha kutokea. Basi akaanza kununua maandiko mapya, na watu wasio na jina wala bwana wakapata mlango.

Mmoja wao alikuwa Samuel Johnson, mwana wa muuza vitabu, aliyeacha chuo cha Oxford kwa kukosa fedha. Mwaka 1734, naye ana umri wa miaka 25, alimwandikia Cave barua kutoka Birmingham. Aliyatia dosari mashairi ya gazeti lile, akajitolea kulipa mema zaidi, akauliza masharti ya kazi. Jina lake hakulitaja, bali aliomba majibu yapelekwe kwa jina la Smith. Cave alijibu, lakini kazi haikupatikana.

Mwaka 1737 Johnson akaenda London, na mwaka uliofuata alishika njia nyingine. Alijua kwamba Cave anasumbuliwa na washindani wake. Basi akatunga shairi la Kilatini la kumtia moyo, akimwita Urban, jina ambalo Cave alijipa gazetini. Likapigwa chapa Machi 1738. Toka hapo alipewa kazi baada ya kazi: tafsiri, habari za maisha ya watu mashuhuri, na kusahihisha maandiko ya wengine. Hata Bunge lilipokataza hotuba zake zisitangazwe, gazeti lilizitoa kana kwamba ni za nchi ya Lilliput, ile ya hadithi ya Swift. Na kwa muda wa miaka mitatu hivi Johnson ndiye aliyeziandika.

Na ujira je? Shairi lake juu ya mji wa London, mwaka 1738, lilinunuliwa na Robert Dodsley kwa gini 10, na gini moja ni shilingi 21. Mwaka huo huo Cave alianza kumlipa kwa tafsiri ya kitabu kikubwa cha historia. Akapata pauni 49 na shilingi 7, kisha kazi ikavunjika, maana mtu mwingine, naye pia aitwa Samuel Johnson, alikuwa akikitafsiri kitabu kile kile! Kwa habari za maisha ya Richard Savage, zilizotoka mwaka 1744, alipata gini 15. Lakini kwa The Rambler, karatasi aliyoiandika mara mbili kila juma tangu 1750 hata 1752, alilipwa gini 2 kwa kila toleo. Tuhesabu basi: majuma manne ya kazi hiyo ndogo ndogo yalizidi malipo ya kitabu kizima. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo tusidhani kibaba kilijaa. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1755, na sifa zake zikaenea. Lakini mwaka 1756 alikamatwa kwa deni lisilofika pauni 6, akaokolewa na rafiki. Mwaka 1762 alipewa posho ya mfalme, pauni 300 kwa mwaka, ndipo alipopumzika. Gazeti lilimwokoa na kumngojea mkubwa mlangoni. Halikumwokoa na umaskini.

Waliokuja nyuma walitengeneza njia. The Edinburgh Review, lililoanzishwa mwaka 1802, baada ya matoleo machache ya kwanza lilianza kulipa gini 10 kwa kila kurasa 16, wala mwandishi hakuruhusiwa kuzikataa, hata akiwa tajiri. Hivyo aibu ya kupokea ujira ikapungua. Mwaka 1884 waandishi wakaunda chama cha kulinda haki zao. Mwaka 1906 kikatolewa kitabu cha shilingi moja, Writers' and Artists' Year-Book, chenye orodha ya magazeti yanunuayo maandiko. Mambo ambayo Johnson aliyatafuta kwa kubahatisha, sasa yalisomwa mezani.

Basi wewe utakaye kuuza maandiko yako, lisome kwanza gazeti lenyewe, ujue lahitaji nini. Uliza malipo mapema, wala usione haya. Usiiache kazi ndogo ya kila mwezi kwa tamaa ya kitabu kimoja kikubwa. Tena usitegemee mlango mmoja, kwani mgaagaa na upwa hali wali mkavu.